Nililamba Chumvi ya Ng'ombe Nikijitibu Rovu

Mimi ni mwinjilisti wa kanisa dogo karibu na Kiptere, na harusi yangu imekaribia. Mwaka huu shingo yangu ilivimba, nikapata rovu. Daktari wa mjini alitaja kisu, nami nikaona afadhali dawa za asili. Jirani yangu Mzee Kiprono akaniambia, "Ng'ombe wangu hawana rovu kwa sababu wanalamba chumvi."

Mwenye akili angecheka, akaenda zake. Mimi nilianza kuingia bomani kwake kila alfajiri, nikapiga magoti na kulamba lile jiwe jekundu la chumvi pamoja na ng'ombe. Rovu halikupungua hata kidogo.

Juzi nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu. Alikuwa baba wa mchumba wangu, amekuja kununua mtamba.

"Mwinjilisti, unafanya nini hapo chini?"

"Naombea ng'ombe, mzee."

Alifurahi sana. Akavua kofia, akapiga magoti kwenye samadi kando yangu. "Basi mwombee na huyu ninayemnunua."

Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti. Sikufika mbali. Yule mtamba alisogea, akanilamba mdomo, kisha kidevu, kisha mdomo tena. Nikamsukuma, akarudi. Nilipofumbua macho, mzee alikuwa akiutazama ulimi wangu, mwekundu kuliko kawaida, halafu akalitazama jiwe.

"Amina," akasema, ingawa sala haikuwa imekwisha. "Sasa simama, kijana, uwaachie ng'ombe chakula chao."