Vipimo vya Ndege ya Mbao

Nilikuwa fundi wa saa za mkono. Baada ya uhuru, mafundi Wazungu wa uwanja wa ndege walipofunga mizigo yao, niliitwa mara mbili kufuta vioo vya vipimo ndani ya ndege. Kwa hiyo waasi walipouteka mji na kanali wao akaulizia mtu anayejua ndege, majirani zangu wema walinitaja mimi.

"Papa, unajua ndege?"

"Najua vioo vyake, mon colonel."

"Bon. Inatosha."

Ndege hakuwa nayo, lakini marubani alikuwa nao sita, na wote walikuwa hawajawahi kupanda hata ghorofani. Wangejifunza kwenye ndege ya mbao, katika karakana ya shule iliyofungwa. Mimi nilipewa kazi ya vipimo. Nilikata mabati ya mviringo, nikaandika namba kwa rangi, nikatia mishale: kimo, mwendo, mafuta, dira. Mishale ilivutwa kwa uzi wa kuvulia niliopewa na mvuvi mmoja wa kabila la Wagenia. Nyuma ya ubao wa vipimo alikaa mke wangu, akivuta uzi, akiwa injini, upepo na mawingu.

Mwanzoni nilipanga vipimo kwa urembo, vyote ukubwa mmoja. Mke wangu akawatazama marubani wakihangaisha macho.

"Wanatafuta kimo kama mutu anatafuta ufunguo kwa giza," akasema. "Ile ya kimo fanya kubwa, weka katikati."

Nilimkumbusha kwamba mhandisi ni mimi. Kesho yake nikakata cha kimo kikubwa zaidi, nikakiweka katikati, kwa wazo langu mwenyewe.

Siku moja kanali alikuja kujaribu mbele ya askari wake. Alipita karibu na mke wangu bila salamu, akaketi, akashika usukani. Alipaa vizuri sana. Halafu mshale wa kimo ukaanza kushuka, taratibu, mpaka sifuri.

"Nimefika wapi?" akauliza kanali.

"Chini, mon colonel."

Alifikiri kidogo. "Mapinduzi haishuke," akasema, akaamuru nipige msumari kwenye elfu moja, mshale usishuke chini ya hapo.

Nikaupiga. Rubani mmoja, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, aliniuliza, "Alors papa, tutatua namna gani?" Nilimwambia amri ya kutua haijafika. Hivyo jeshi letu likapata marubani wasiojua kutua kamwe, jambo ambalo bila ndege halina hasara.

Jeshi la serikali liliporudi, kanali aliondoka kwa baiskeli kuelekea Banalia. Mimi nilikamatwa kwa kosa la kufundisha marubani wa adui. Nilijieleza siku mbili kwa ofisa wao bila kueleweka. Siku ya tatu nikaomba twende karakanani na mke wangu aitwe. Alikuja, akaung'oa ule msumari kwa koleo, akaingia nyuma ya ubao bila kumwangalia mtu. Ofisa akaketi. Aliruka mara moja, akaomba tena, kisha tena. Mara ya nne alitua akitabasamu, akaamuru niachiliwe, na ubao upelekwe kambini kwa burudani ya maofisa.

Njiani kurudi nyumbani nilimsifu yule ofisa, kwamba angalau alijua kutua.

"Nani, yeye?" akasema mke wangu. "Alishika usukani kama mwiko. Ni mimi nilimushusha."