Mchezo wa Matabaka

Nilimuona binti yangu akifa ndani ya nyumba yetu. Akafufuka. Akafa tena.

Ilikuwa kwenye kompyuta ya shule, ng'ambo ya bonde.

Mimi ni fundi viatu, shule niliichungulia tu. Mke wangu alifia kwenye machela tukimteremsha mlimani, maana barabara tuliyoahidiwa iliishia kwenye geti la mwenyekiti wa kijiji. Tangu hapo mkubwa akinipa mkono, nahesabu vidole vyangu.

Sasa binti kaja kuniambia mwalimu anawafundisha matabaka, kwa gemu.

Nikawaka. Tabaka la juu linakula, la chini linaliwa. Hilo nalo linataka kompyuta? Nikafunga kibanda, nikaenda kumvaa mwalimu.

Mwalimu, mama mpole, hakubishana. Akanisogezea kiti.

Kumbe ni matabaka ya ardhi. Kwenye kioo ulikuwepo mlima wetu wenyewe, umekatwa kama mkate: juu mawe, chini yake udongo wa mfinyanzi. Mvua inanyesha, mchezaji anatafuta dalili, anahamisha watu. Akichelewa, mfinyanzi unalowa, mawe yanateleza, nyumba kwaheri.

Binti alikuwa anajaribu kuiokoa ya kwetu. Kila mara anachelewa.

"Chemchemi ikitoa tope, baba, usingoje," akaniambia.

Nikacheka, halafu nikakumbuka.

Asubuhi ile nilichota maji kwenye chemchemi nyuma ya nyumba, yakatoka mazito, mekundu. Nikamtukana jirani kwamba ng'ombe wake wameyakanyaga.

Na mvua ilikuwa haijakata wiki nzima.

Tukapanda mbio hadi nyumbani. Nikawaambia majirani wahame, wakanicheka. Mwenyekiti alishasema mkutanoni tutulie, mlima uko hapo tangu enzi za mababu. Fundi viatu umeanza lini utabiri?

Nikamwambia binti twende zetu, sikio la kufa halisikii dawa. Akagoma. Kwa mwenyekiti kuna kipaza sauti, akasema.

"Kwake siombi hata maji."

"Mama angeomba."

Akanimaliza.

Tukashuka hadi kwake. Hodi, kimya. Nikasukuma mlango.

Hakuna kiti. Hakuna kitanda. Mapazia yameng'olewa, hadi balbu kaondoka nazo. Kumbe mwenyekiti, aliyekata utepe siku gemu linazinduliwa, alilielewa kuliko sisi sote. Na sisi tulidhani yuko vikaoni.

Alichoacha ni kipaza sauti, kimelala sakafuni.

Nikakiwasha. Habari za mfinyanzi sikuzitaja.

"Njooni muone nyumba ya mwenyekiti."

Wakashuka kuona. Wakachungulia. Wakarudi mbio kubeba watoto na wazee.

Tulikuwa uwanjani pa shule mlima ulipoguna, ukashuka na nyumba zetu zote. Binti akapita akitugusa mabega, akituhesabu mmoja mmoja, kama anavyohesabu watu wake kwenye gemu.

Safari hii hakupungukiwa na mtu.

Kesho yake mwenyekiti akaja na mablanketi. Akasema ni mapenzi ya Mungu, nani angejua.

Ndugu yangu, mkubwa akikwambia utulie, usimtazame mdomo. Tazama dirisha lake kama bado lina pazia.