Binti wa Upande wa Ngano

Kila Jumamosi alasiri, kabla mazungumzo ya mtandaoni hayajaanza, Mama hubadilisha mtandio. Ule wa jikoni huuacha kwenye msumari nyuma ya mlango, akajitanda ule wa zambarau anaoendea harusini. Nimemwambia mara nyingi kwamba kamera ya simu yangu ina ufa na watu wa kule hawaoni ila vivuli viwili. Hasikii. "Siwezi kuingia kwa watu na harufu ya vitunguu," husema. Kisha huvuta kiti cha plastiki hadi karibu na ndoo ninayoiegemezea simu, hukohoa kidogo, na kungoja kukaribishwa.

Mama huyu hakunizaa. Ni jirani. Nilizaliwa katika ploti hii hii ya vyumba vya kupanga hapa Nakuru, chumba cha tatu kutoka langoni, naye akikaa chumba cha pembeni. Mamangu mzazi alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na siku alizochelewa mimi nilikula kwa Mama. Wazazi wake walikuja kutoka pwani enzi za reli. Wangu waliteremka kutoka mashamba ya Molo. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na tangu hapo sijawahi kutulia mahali pamoja. Nimepakia viazi Molo, nimegeuza nyama kwenye moto Kikopey, nimelinda ghala la ngano Mau Narok. Siku hizi nauza sweta na makoti ya mitumba katika masoko ya miji ya baridi. Mamangu alikwisha kufa niliporudi kupanga humu. Mama aliniangalia mimi na begi langu, akauliza, "Umerudi, au umepita?"

"Nimepita tu, Mama."

"Basi pita ndani ule kwanza."

Mjukuu wake aliyeko Mombasa ndiye aliyetutumia linki ya kwanza. Alisema ni kikundi cha watu wanaokutana mtandaoni kuzungumza jinsi ya kujenga mitaa yenye afya, haki na huruma. Mama aliposikia alicheka. "Mtaa unajengwa kwa simu?" Lakini Jumamosi ilipofika alikuwa tayari amejitanda, na mimi nilikuwa nimenunua bando.

Msemaji wa siku hiyo alikuwa daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alieleza jinsi moshi wa makaa unavyokaa kifuani miaka mingi, na kwamba afya ya mtaa huanzia jikoni. Mama, ambaye kifua chake kimekuwa kikimsumbua tangu nikiwa shule ya msingi, aliitikia kila neno. "Kweli kabisa, daktari. Hapo umesema." Sauti yetu ilikuwa imezimwa, kwa hiyo daktari hakusikia kitu. Sikuwa na moyo wa kumwambia Mama.

Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Neno makaa lilikuwa limenirudisha kwenye ua huu huu, saa kumi na moja jioni, enzi zile kila chumba kilipotoa jiko lake nje kuliwasha. Yalipangwa kando ya ukuta, makubwa kwa madogo, na sisi watoto tulipewa vipande vya katoni tupepee. Aliyetangulia kuwasha aliwagawia wengine. Ulitumwa na kifuniko cha mkebe wa rangi, "Nenda ukaombe moto kule pembeni," nawe ukarudi ukitembea polepole na kaa moja jekundu, ulimi nje, ukiogopa upepo. Moshi ulijaa ua wote. Nguo kwenye kamba zilinuka moshi, shuleni tulinuka moshi, na hakuna aliyejali kwa sababu kila mtu alinuka hivyo hivyo.

Na jiko lisipotoka, watu waliona. Mtu angeinua kichwa kutoka kwenye sukuma wiki anayokata na kusema, "Jiko la chumba cha tano halijatoka," na mwingine angeinuka kwenda kubisha. Siku moja halikutoka letu. Mamangu alikuwa amerudi kazini akalala na viatu, nami nilikuwa nimekaa chini nikicheza na vizibo vya soda, nikidhani amechoka tu. Kabla sijaelewa kwamba ni mgonjwa, mlango ulikuwa umejaa akina mama. Mmoja alimshika paji la uso, mmoja alichukua sare yangu kwenda kuifua, na Mama huyu alinibeba mgongoni, mkubwa nilivyokuwa, akanipeleka kwake. Mzee wa reli aliyeishi karibu na bomba alitafuta mkokoteni, wakampeleka hospitali akiwa amefunikwa blanketi ambazo hazikuwa zetu.

Sisemi watu wale walikuwa malaika. Walipigana kwa ajili ya zamu ya bomba, na hakuna siri iliyovuka asubuhi mbili bila kujulikana. Mwaka wa vurugu za uchaguzi, vyumba viwili vilibaki wazi na wenyewe hawakurudi hata kuchukua vyombo. Lakini jiko likikosa kutoka, mtu alibisha. Sasa kila chumba kina mtungi wa gesi. Hewa ya uani ni safi, kama daktari anavyotaka, na tunayegawana naye ukuta mmoja simjui hata jina.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu wakati kijana aliyeongoza mazungumzo alipotangaza kwamba atatugawa katika vyumba vidogo kwa dakika chache.

"Vyumba?" Mama alishtuka. "Tunahama?"

"Hapana, Mama. Ni humu humu kwa simu. Tunaongea na watu wachache."

Katika chumba chetu kulikuwa na mtu mmoja tu, msichana aliyebeba mtoto mgongoni. Chini ya picha yake hapakuwa na jina, ila aina ya simu anayotumia. Alikuwa amesimama nje, upepo ukivuma kwenye kipaza sauti, na nyuma yake ngano ya manjano ilikwenda hadi mwisho wa kioo. Swali tulilopewa lilikuwa: ukiugua leo, ni nani atakayejua?

"Hakuna," msichana alisema, kama mtu anayejibu bei. Mume wake huendesha mashine ya kuvuna ngano, hufuata kazi iliko, anaweza kukosekana wiki kadhaa. Wako hapo tangu mvua za mwaka jana. Jirani yuko, lakini ni mbali, husalimiana kwa kupungiana mkono. Malori ya viazi hupita bila kusimama. "Mchana si mbaya, niko na kazi. Lakini jioni ikifika, nafikiria..."

Kioo kikageuka. Tulikuwa tumerudishwa kwenye mkutano mkubwa, na kijana yule alikuwa akitushukuru sote kwa kushiriki.

"Amekwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Muda umeisha."

"Muda wa nani? Mtoto wa watu alikuwa anasema!"

Nilijaribu kueleza kwamba mashine ndiyo inayofunga vyumba, si mtu. Hilo lilimuudhi zaidi. Mkutano ulipokwisha hakutoka pale kitini. Nilimletea chai, ikapoa mkononi.

"Jioni ikifika anafikiria nini?"

"Labda anafikiria atapika nini."

"Mtu anayefikiria chakula haangalii chini vile," alisema.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya soko la Mau Narok. Mama alikuja kusimama mlangoni nikifunga marobota. "Huko kuna ngano. Ukifika, uliza."

"Nitauliza nini, Mama? Kwamba kuna mtu hapa anayefikiria kitu jioni?"

"Wewe uliza. Mdomo unao."

Nikauliza. Nilitandaza sweta zangu, na kila mwanamke aliyekuja na mtoto mgongoni nilimsikiliza sauti kuliko nilivyosikiliza bei yake. Mwishowe nilimweleza kijana mmoja wa bodaboda.

"Boss, unatafuta nani hasa?"

"Msichana mmoja. Nyuma ya kwake kuna ngano."

Kijana aliwaangalia wenzake, wakaangua kicheko. "Hapa? Boss, hapa hata nyuma ya choo kuna ngano!"

Niliporudi mikono mitupu Mama hakunilaumu. Jumamosi iliyofuata alijitanda mapema kuliko kawaida. Walizungumza juu ya haki, jinsi mtaa mmoja ulivyopanga zamu za maji ili wenye mapipa makubwa wasiwamalizie wengine. Yalikuwa maneno mazuri, na siku nyingine Mama angekuwa na mengi ya kuongeza kuhusu bomba letu. Lakini alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, akinifanya nitelezeshe picha za watu moja baada ya nyingine. "Huyo? Si huyo. Endelea." Binti hakuwepo. Nilikuwa nimepanga kuhamia Molo mwisho wa mwezi ule, nimeshaongea hata na mwenye chumba. Mwezi ukaisha nami sijafunga kitu. Nilijiambia ni mvua iliyonizuia.

Jumamosi ya tatu nilikwenda ndani kuchukua sukari. Msemaji alikuwa mzee mmoja mwenye kitabu mkononi, akifundisha jinsi ya kusikiliza kwa huruma. Nikiwa ndani nikasikia sauti ya Mama mara mbili, mara moja kutoka uani na mara nyingine ikirudi kama mwangwi kutoka kwenye simu. Kumbe siku zote alikuwa akitazama kidole changu kinabonyeza wapi kuwasha sauti.

"Yule binti wa upande wa ngano yuko?"

Mzee alishusha kitabu chake. Kijana kiongozi akaingilia kwa adabu, "Mama, asante sana, tutakuwa na muda wa maswali mwishoni."

"Mimi sina swali. Natafuta mtu."

Nilitoka mbio kuizima sauti, lakini kabla sijafika, upepo ulivuma kutoka kwenye simu.

"Niko hapa, Mama."

Watu wakageuza nyuso kwenye vioo vyao. Kisha yule kijana, Mungu ambariki, akasema basi atatuweka chumba kimoja kwa dakika tano, wengine waendelee. Mzee akasema ni sawa kabisa.

Dakika tano ni nyingi, nilidhani. Nilimsahau Mama, ambaye mamake alitoka pwani, ambako salamu hazina haraka. Alianza kumjulia hali. Akamwuliza mtoto, meno ya mtoto, kikohozi cha mtoto, baridi ya huko, mume na safari zake, mama yake aliyebaki nyumbani, magoti ya mama yake. Binti alijibu kila kitu, na kwa kila jibu Mama alishukuru Mungu na kuanza swali jingine. Mimi nilikuwa nikimvuta mtandio. "Mama, muda. Mwulize."

"Siwezi kumwuliza mtu jambo lake kabla sijamsalimu!"

Saa iliyo kwenye kioo cha simu ilipoanza kuhesabu kurudi nyuma, binti ndiye aliyeiona. "Mama, nipe namba!" Nikamtajia namba yangu, haraka, naye akiirudia huku akiandika kwa kijiti kwenye mchanga. Tulikuwa hatujafika tarakimu ya mwisho kioo kilipogeuka.

Mzee bado alikuwa akifundisha kusikiliza. Mama alikwenda kukaa ndani. Mimi nilibaki pale na simu, nikawaandikia wakuu wa mkutano ujumbe, lakini walikuwa wanaaga na hakuna aliyejibu. Nilihisi kama ninavyohisi kila jioni ya ugenini, mwili kutaka kuinuka na begi na kwenda, popote tu, ilimradi si hapo. Nilikuwa nimekwisha kuinuka simu ilipolia.

"Samahani, hapo ni kwa Mama?"

Nilipiga kelele, Mama akatoka bila mtandio wowote.

"Nimepigia watu, Mama!" Binti alikuwa akihema. "Nimejaribu tarakimu moja moja. Mmoja ni fundi wa paa, ameniuliza nyumba iko wapi. Mwingine amepokea mke wake, amenitukana hadi nikamwomba msamaha."

Mama alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi nikamletea maji. Aliponyamaza akasogeza simu karibu. "Haya, mwanangu. Salamu tulizimaliza. Jioni ikifika?"

Binti alijibu upepo ukimkatakata sauti.

"Nafikiria nimbebe mtoto nitoke. Nifuate ile barabara, sijui hadi wapi. Hadi mahali ambapo jioni haiko hivi. Juzi nilifika hadi kwa lami. Lori likasimama, dereva akaniuliza kama naenda."

"Ukamwambiaje?"

"Nilishika mlango. Halafu nikamwambia aende."

Mama hakumpa mawaidha. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Hapa kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo, kutoka na kwenda," alisema. "Alianza akiwa kijana, sasa ana mvi. Ngoja umwulize kama aliwahi kupafikia."

Akanipa simu.

Wale wasemaji wa Jumamosi huja na majibu yao yamepangwa. Mimi nilikuwa na kikombe cha maji mkononi.

"Kuna?" binti aliuliza. "Mahali kama hapo?"

Nikafikiria Molo na ukungu wake, Kikopey na malori yakizima taa, ghala la Mau Narok ambako nilizoea kuzungumza na magunia. Kote nilikofika nilidhani ndiko.

"Hapana," nikasema. "Nimeangalia. Molo jioni ni hiyo hiyo, ila ni baridi zaidi."

Nikadhani nimeharibu, lakini akacheka kwa pua. "Hata Kikopey?"

"Kikopey kuna nyama. Lakini jioni ni hiyo hiyo."

"Wewe mwanamume, unamwambia hapana tu!" Mama alikuwa ameshika mkono wangu. "Mwambie aje! Jumamosi, na mtoto wake."

"Mama amesemaje?" binti aliuliza.

"Anasema uje Nakuru Jumamosi. Nitakuja kukuchukua stendi."

"Jumamosi si kuna mazungumzo?"

Mama alikwisha kuninyang'anya simu. "Tutayasikiliza hapa, sote, kwa kiti kimoja," alimwambia. "Halafu wajaribu kutugawa vyumba, tuone watatugawaje."