Aliyesikia Alikuwa Anti Mwanaisha

Harufu ya lehemu ikiungua hunipandisha hasira hadi leo. Mafundi wa simu mtaani kwangu hudhani nawachukia wao. Sivyo, jamani. Harufu ile hunirudisha Al-Malqa, Riyadh, katika chumba cha juu kilichojaa redio, nikiwa na miaka tisa, na mwanamke wa Likoni akinifundisha kuunga waya bila kujichoma vidole.

Mama yangu alikuwa nesi. Akitoka zamu hospitalini alikwenda kumhudumia ajuza mmoja katika jumba la mwanawe, nami, kwa kuwa sikuwa na wa kuniangalia, nilibebwa kama mkoba. Mwenye jumba tulimwita bosi. Alipenda redio ya upepo, ile ambayo watu binafsi huzungumza na wenzao wa nchi za mbali. Kibali alikuwa nacho, na mlingoti mrefu juu ya paa. Anti Mwanaisha alikuwa mfanyakazi wa nyumba. Kazi yake chumbani mle, kwa maneno ya madam, mke wa bosi, ilikuwa kufuta vumbi.

Kufuta vumbi! Babake Anti alipokea ishara za meli bandarini Mombasa, na binti alikua akizisikia nukta na mistari, ile milio mifupi na mirefu inayounda herufi, kama mazungumzo ya nyumbani. Bosi masikio yake yalikuwa mazito. Basi yeye alikaa kando akijipepea, Anti akavaa visikizi na kuandika. Ndani ya mvumo kama wa mafuta ya mahamri, alichomoa herufi moja moja.

"Usiikimbize sauti," aliniambia. "Iache ije. Mwenye pupa husikia anachotaka."

Jina langu alinifundisha kwa kugonga kijiko mezani. Nikikosea alicheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Mwaka huo bosi alishinda shindano la kunasa vituo vya mbali. Hafla ilikuwa Jeddah, katika ukumbi wa hoteli. Tulikwenda sote: Mama kwa ajili ya ajuza, Anti kwa ajili ya kutumwa. Bosi alisimama na ngao yake akasimulia alivyokaa kutwa nzima mpaka akanasa kituo cha kisiwa ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Siku kituo hicho kiliponaswa nilikuwepo chumbani. Bosi alikuwa amelala kochini, mdomo wazi.

Nikapanda juu ya kiti. "Mwongo!" nilipaza sauti kwa Kiarabu changu cha shule. "Aliyesikia ni Anti Mwanaisha!"

Watu wakageuka kumtazama Anti, aliyesimama na birika la kahawa mkononi. Kisha wakacheka. Bosi akacheka nao, akasema watoto wana mambo. Anti alinishusha, akanifinya mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kabisa."

Tuliporudi Riyadh chumba cha redio kilitiwa kufuli. "Halas," madam alimwambia Anti. "Redio mafi." Yaani basi, redio hakuna tena. Mwezi haukwisha, Anti akarudishwa Kenya. Bosi ndiye aliyekuwa kafili wake, mdhamini aliyeshika kibali chake cha kazi. Hakumwomba mtu ruhusa wala hakutoa sababu.

"Mama, wewe ulijua kwamba ni yeye," nilisema.

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

Mama alirekebisha blanketi la ajuza.

Sasa mimi mwenyewe nina kibali cha redio. Anti alipofariki, niliandika habari zake katika kundi letu wapenzi wa redio mtandaoni, nikamtaja kuwa mwalimu wangu. Bosi, mzee sasa, akajibu kwamba anamkumbuka vyema: alipika kahawa nzuri. Niliitupa simu ukutani.

Kwa miaka mingi nilidhani Anti alinifinya kwa aibu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba, mimi nikiwa bado juu ya kiti, yeye alikwisha kuona kufuli mlangoni. Kufua na kupiga pasi angepata popote. Visikizi vile asingevipata tena. Nilidhani haki ni kusema kweli kwa sauti. Sikujua kwamba ningeisema mimi na angeadhibiwa yeye. Hilo nimelielewa. Kulisamehe, bado, na sina haraka.