Nati ya Nyuma

Kwenye kiwanda chetu cha pikipiki, fundi wa injini aliyekaa mkabala na meza yangu alikuwa akifuta vidole kimoja kimoja, akianzia kile kidogo, kwa kitambaa chekundu ambacho hakumwazima mtu. Kengele ya chai ilie, sisi tukimbilie birika, yeye yuko kidole cha tatu. Pikipiki ikikamilika aliinamia tangi, akasikiliza injini kama anayesikiliza pumzi za mtoto aliyelala, kisha akasema kwa sauti yake ya mikwaruzo, "Haya, mama, nenda zako." Gurudumu hakuligusa kamwe. Chama chetu cha wafanyakazi kilishapitisha: magurudumu yana watu wake, na ukikaza nati ya mwenzako umemmwagia unga. Wakubwa walilia kwamba tunawapandishia gharama, watu watatu kwa kazi ya mmoja. Siku hizi nakiri hawakusema uongo mtupu.

Siku ya mwisho, kabla ya kiwanda kufungwa, pikipiki moja ilibaki na nati ya nyuma haijakazwa. Fundi wa magurudumu alishapunguzwa mwezi mmoja kabla. "Kaza tu, mzee wangu, twende nyumbani," msimamizi akamwambia fundi wa injini, akimshikisha spana. Mzee akaiweka mezani taratibu, akampigia simu yule wa magurudumu. "Kaka, njoo. Kazi yako imebaki huku." Tukangoja saa nzima, hakuna aliyenung'unika. Fundi wa magurudumu akaja amevaa kandambili, akachuchumaa, akaikaza ile nati kwa mizunguko miwili. Aliposimama, mikono ikiwa na grisi, mwenzake alikuwa ameshamnyooshea kile kitambaa chekundu.