Mzee Viti hasimami mpaka amalize kusema

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Mzee Viti amekunja suruali hadi magotini, anafuta kiti cha arobaini na moja kwa kitambaa chenye povu. Vimebaki kumi na tisa. Kikao cha baraza la kanisa kinaanza saa nne, na wakubwa hawapendi kukalia vumbi.

"Vumbi la kwenye viti wanaliona," anasema bila kuinua kichwa. "La masikioni mwao, hawana habari nalo."

Jina hilo la utani alipewa na waumini. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiwa mtunza kanisa, kwa elfu tisini kwa mwezi. Anafagia, anafungua milango, anapanga ukumbi. Shule aliishia darasa la nne. Kikaoni anaruhusiwa kuingia na kusema, lakini zamu yake ilikuwa mkiani kabisa, kwenye kipengele kinachoitwa Mengineyo.

Na Mengineyo ya kanisa hili ilikuwa na ugonjwa wake. Mwenyekiti akichoka, au akiona swali linamjia vibaya, husema, "Tusimame tuombe." Nani atabishana na sala? Watu husimama, hufumba macho, na hoja hufia hapo hapo.

Mzee Viti alilalamika mara mbili kuhusu ngazi ya mlango wa kwaya. Saruji imemeguka, mvua ikinyesha panateleza, wekeni basi hata bomba la kushikia. Mara zote mbili alijibiwa, "Tumekusikia mzee, tutaliangalia." Tusimame tuombe.

Mwaka jana, asubuhi ya mvua, mkewe aliteleza kwenye ngazi hiyo akienda mazoezi ya kwaya. Nyonga ikavunjika. Alilala wiki tano, hakuinuka tena.

"Msibani walikuja wote," anasema. "Mwenyekiti alilia kunishinda mimi. Nikajiuliza, huyu naye analia nini?"

Ngazi ikabaki vile vile. Baada ya mazishi aliomba kumbukumbu za vikao vile viwili, binti yake akamsomea nyumbani. Alipofika mwisho, binti akaigeuza karatasi, akatafuta upande wa pili.

"Soma, mama."

"Baba, wameandika, Mengineyo: hapakuwa na jambo."

"Na kile kikao kingine?"

"Hivyo hivyo."

Hakupiga kelele. Mwezi uliopita, kikao kikielekea ukingoni, aliuliza tena habari ya ngazi. Mwenyekiti akatazama saa yake. "Tusimame tuombe."

Ukumbi mzima ukasimama. Mzee Viti akabaki amekaa.

"Mzee Viti, tunaomba."

"Ombeni tu, mwenyekiti. Mimi sijamaliza kusema."

"Unamgomea Mungu?"

"Mungu hana haraka. Mwenye haraka ni wewe."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kisha mwimbaji wa kwaya, mama mnene anayeogopwa hata na mchungaji, akaketi pu! "Mwacheni kaka aseme. Ngazi hiyo naipanda na mimi. Na mwili huu nikidondoka, mtanibeba nyinyi?"

Wakaketi wengine, mmoja mmoja, mpaka mwenyekiti akabaki amesimama peke yake, macho kodo.

Mzee Viti alizungumza dakika nne. Jumatatu iliyofuata fundi alikuja. Siku ya pili jioni alikuwa ameshamaliza.

"Dakika nne," anasema, akikamua kitambaa kwa nguvu. "Wangenipa hizo dakika mapema, mke wangu kesho angekuwa anaimba."

Siku hizi Mengineyo imepandishwa hadi mwanzo wa ajenda. Lakini kumbukumbu bado zinaandikwa ofisini, siku tatu baadaye, wakubwa wakishakubaliana wao kwa wao nini kilisemwa. Yeye anataka zisomwe ukumbini kabla ya sala, kila mtu ayasikie maneno yake. Wala hangoji kuhurumiwa. Tangu msiba ule anasoma darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki. Novemba kuna uchaguzi. Anagombea ukatibu.

Katibu wa sasa anaingia, faili kwapani.

"Mzee wangu, nasikia unaitaka kalamu yangu. Kwa mwandiko ule wa kuku kuparua, utaandika nini?"

Mzee Viti anamsogezea kiti kilichokwisha kukauka.

"Mlichosema," anajibu. "Kaa, mwanangu. Leo tunaanza na mimi."