Shati la Hoteli na Jaketi la Madoadoa

Hadi leo nikisikia harufu ya pasi ya makaa juu ya shati lenye wanga, natoka nje upesi. Wenzangu mtasema hiyo ni harufu ya Idi. Kwangu mimi ni harufu ya asubuhi moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Ukunda, mwaka ule wa vurugu, askari walipokuwa wakiwasaka misituni vijana walioshukiwa kuwa wavamizi.

Kaka yangu Mwinyi alikuwa akifagia bustani katika hoteli moja ya Diani. Shati lake la kazi lilikuwa jeupe, lenye jina la hoteli kifuani, na alilichukia kweli kweli. Akilivaa, alisema, wageni hawana haja hata ya kumuuliza jina. Alilolipenda ni jaketi la madoadoa ya kijani, kama la wanajeshi, alilopewa na mgeni mmoja Mjerumani. Mzee huyo alikuwa na kitanda cha hoteli chenye chandarua, lakini starehe yake ilikuwa kulala msituni, kupekecha vijiti mpaka moto uwake, na kula mihogo ya kuchoma. Bibi yetu alimcheka hadi akashika mbavu. Mwinyi akipata mapumziko alifuatana naye, wote wawili na majaketi yao yanayofanana. Ndani ya lile jaketi kaka yangu alitembea kifua mbele.

Asubuhi hiyo walikuwa wamelala huko huko. Jirani akaja mbio: askari wamesimama penye njia ya kutokea msituni, na kijana wa mtaa wa pili amekamatwa kwa kuvaa suruali ya madoadoa tu. Mama alilipiga pasi lile shati jeupe, akalifunga kwenye leso.

"Mwanangu, wewe mtoto, hawatakuuliza. Pitia kwenye mihogo. Nduguyo asitoke na lile dude."

Niliogopa, jamani. Niliogopa askari, niliogopa nyoka, na zaidi ya vyote niliogopa kuchelewa.

Niliwakuta wakizima moto.

"Shikamoo kaka. Mama amesema uvae hili."

"Shati la kufagilia, huku? Rudi nyumbani."

Nikaangua kilio, nikamweleza huku nikikwama kwama. Akalivua jaketi polepole, kifungo baada ya kifungo. Mjerumani akalikunja, akalitia kwenye mkoba wake. Lake hakulivua.

Tulipotokea njiani, askari alimshika Mwinyi bega. Akalisoma jina la hoteli kifuani, akamnusa nywele, akamuuliza moshi ule ameutoa wapi.

"Nimempeleka mgeni wa hoteli kutembea, afande," Mwinyi alijibu.

Niliikaza leso ya mama mpaka vidole vikaniuma. Mwishowe akaachiliwa, kwa kusukumwa mgongoni.

Mwinyi hakurudi tena msituni, na jaketi alipoletewa hakulipokea. Kwa miaka mingi nililishukuru lile shati jeupe. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipokumbuka sawasawa kilichofuata pale njiani: Mjerumani alipita nyuma yetu, jaketi moja mwilini, jingine mkobani, na askari yule yule akampigia saluti, akacheka, "Jambo! Karibu Kenya!"